Fundi Aliyesikiliza Mwezi wa Mchana

Watu wa mtaa wetu waliamini kwamba Fundi alishughulika na mwezi usiku. Kumbe katika miaka minne niliyoishi nyuma ya ukuta wake, mara nyingi nilizomkuta amevaa hedifoni, kidole kikiwa juu ya kibonyezo, ilikuwa mchana: saa tatu asubuhi, saa tano, saa kumi jioni. Jua lilikuwa likiwaka juu ya mabati ya kiwanda cha pamba, na mwezi ulikuwa huko juu, mweupe kama ukucha uliokatwa, wala hakuna aliyejisumbua kuutazama. "Mwezi haulali mchana," alizoea kusema. "Ninyi ndio mnaoacha kuutazama."

Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la kwanza nililolielewa vibaya kumhusu. Halikuwa la mwisho.

Alikuwa fundi mkuu wa umeme katika kiwanda cha kuchambua pamba kilichokuwa kando ya barabara itokayo Shinyanga mjini kwenda Kishapu. Mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati katika sekondari ya wasichana iliyokuwa jirani, binti wa Ushirombo mwenye shahada moja, nikapewa nyumba iliyopakana na yake. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, vita vimekwisha na sukari haipatikani. Kila mtu alimwita Fundi, hata mke wake, nami nitamwita hivyo.

Alikuwa na kibali cha redio ya ridhaa. Hiyo ni ruhusa ambayo mtu binafsi hupewa arushe mawimbi hewani, bila biashara wala matangazo, ili awasiliane tu na wenzake wenye ruhusa kama hiyo katika nchi nyingine. Wengi wao hutumia njia nyepesi, ambamo mawimbi hugonga anga ya juu na kushuka ng'ambo. Fundi aliiona njia hiyo kuwa ya watoto. Yeye aliyatupa mawimbi yake mwezini, yagonge kule na kurudi duniani, na rafiki yake mmoja wa Uswidi, mwalimu mstaafu ambaye hakuwahi kuonana naye, ayaokote upande wa pili. Waliongea kwa alama za morse, kwa sababu sauti ya mtu haiwezi safari hiyo. Ujumbe mzima ungeweza kuwa majina yao mawili ya redio na neno "nimekusikia." Baada ya hapo Fundi aliingia ndani akanywa chai kama mtu aliyetoka harusini.

Antena yake aliiita kitanda. Ilikuwa fremu kubwa ya mbao, pana kuliko sebule yangu, iliyopangwa fimbo za alumini kama miiba ya kambare, nayo ililazwa uani ikitazama mbinguni. Haikuweza kuufuata mwezi kutoka mashariki hadi magharibi. Ingehitaji mitambo ambayo hakuwa nayo. Iliweza kuinamishwa tu, kwa kamba na kabari, kaskazini au kusini. Kwa hiyo kazi yake yote ilikuwa ya kungoja. Sisi watu wa Shinyanga, alinieleza, tuko karibu na Ikweta, na mwezi hutupitia karibu na utosini. Siku moja huinamia upande wa Mwanza, wiki mbili baadaye huinamia upande wa Tabora. Ukijua leo umeinama kiasi gani, unakilaza kitanda sawasawa, kisha unangoja dunia ikuzungushe mpaka mwezi uwe mbele yako. Unapata muda wa saa moja hivi. Mwezi ukipita, umepita hadi kesho, na kesho utachelewa kwa karibu saa nzima na utakuwa umehama kidogo.

Nilimuuliza kwa nini asichague siku yoyote anayopenda. Alinitazama kwa huruma, akahesabu kwa vidole. Mwezi hauko umbali uleule daima. Kuna siku za mwezi wa karibu na siku za mwezi wa mbali, na mwangwi unaosikika kwenye ule wa karibu hufa kwenye ule wa mbali. Ukiwa karibu na jua, jua lina makelele yake, yanaufunika. Ukipita kwenye ule ukanda mweupe wa nyota, nyota nazo zinanguruma. Na ukiwa mzuri kwa Shinyanga lakini umezama Uswidi, unajisikia mwenyewe tu.

"Na mawingu?" niliuliza.

"Mawingu ni ya macho. Redio haina habari na mawingu."

"Basi adui ni wanne."

"Watano, Mwalimu. Wa tano ndiye anayenilipa mshahara."

Alimaanisha mota za kiwanda. Kuanzia Juni, pamba ilipoanza kuchambuliwa, cheche za mota zilijaza masikio yake mkwaruzo kama wa mahindi yanayokaangwa, na kitanda kilikaa bure hadi mashine zizimwe mwisho wa msimu. Fundi aliyewasha mota hizo ndiye aliyeziombea zife. Asubuhi alikuwa akizipaka grisi kwa upole wa mama. Jioni alikuwa akizitukana kwa Kisukuma.

Alikuwa amejaa mambo ya namna hiyo, yasiyopatana. Mwezi aliungoja majuma mawili bila kulalamika, lakini mtu akichelewa dakika tano alimkuta amekwisha kwenda zake. Hakuwa na saa ya mkononi. King'ora cha kiwanda, ambacho kwacho mtaa mzima uliamka na kula, alikipiga yeye, baada ya kusikiliza alama za saa za Greenwich kwenye masafa mafupi, na kama king'ora kilikosea basi sote tulikosea pamoja. Aliwacheka waziwazi wanaosema kwamba mwezi huleta wazimu au huamua jinsia ya mtoto. Lakini nguzo za kitanda chake zilikatwa mwezi ukiwa gizani, na aliyemletea mti uliokatwa wakati wa mbalamwezi alirudishwa nao mlangoni.

"Hiyo ni imani," nilimwambia.

"Hiyo si imani. Hiyo ni dumuzi. Mti wa mbalamwezi una utamu, mdudu anaujua. Muulize mdudu."

Watu walimletea redio zao mbovu, na kabla hajafungua hata skrubu moja aliuliza swali lilelile: "Ilikuwa inasema nini ilipokata?" Nilidhani ni utani. Baadaye nikagundua kwamba jibu lilimwambia redio ilikuwa kwenye masafa gani na saa ngapi, na kutoka hapo alijua aanzie wapi. Mzee mmoja alijibu kwamba ilikuwa inasema bei ya pamba imepanda. Fundi akamrudishia. "Nenda nayo nyumbani, mzee wangu. Hii si mbovu. Imeona aibu."

Msimu mmoja walikuja vijana watatu kutoka machimbo ya Geita, matope mekundu yamekauka kwenye viatu vyao. Walikuwa wamesikia kwamba Shinyanga kuna mtu mwenye mashine inayoona mbali. Nilikuwa uani namsaidia mke wake kupembua choroko, kwa hiyo nilisikia yote.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Redio yenu ilikuwa inasema nini?"

"Hatuna redio, mzee. Tuna duara, shimo letu. Tumechimba urefu wa minazi miwili, mwamba tu. Tunataka utuletee hiyo mashine ituonyeshe dhahabu imelala wapi."

"Mashine yangu inaona kitu kimoja tu."

"Kipi?"

Fundi akaonyesha juu kwa bisibisi. Mwezi ulikuwepo, mwembamba, juu ya bohari ya marobota. Vijana wakatazama, wakatazamana. Yule mdogo akauliza kwa makini kabisa: "Kwani kule kuna dhahabu?"

"Ipo au haipo, huwezi kuibeba."

"Sasa wewe unapata nini?"

"Namtupia salamu, ananirudishia."

"Salamu yako mwenyewe?"

"Yangu mwenyewe. Baada ya sekunde mbili na nusu."

Yule mkubwa akainuka akajikung'uta. "Twendeni. Sisi tunachimba tusipate, huyu anarusha arudishiwe kilekile. Wote ni walewale." Fundi alicheka hadi akashika ukuta, akawapa chai bila sukari, na kwa miezi kadhaa aliirudia sentensi hiyo kila alipokosa mwangwi.

Nami niliusikia mwangwi huo. Ilikuwa Machi ya mwaka wangu wa pili pale. Alinivika hedifoni, akabonyeza mara moja, tii, akaacha. Kukawa na mvumo mtupu kama wa upepo kwenye nyasi. Nilipoanza kudhani hakuna kitu, ikaja kutoka ndani kabisa ya mvumo ule: tii, nyembamba, ikitetemeka. Alisema mwezi unapopanda, sauti hurudi nyembamba kidogo kuliko ilivyokwenda, na unaposhuka hurudi nzito kidogo. Ukiwa juu kabisa hurudi ilivyo. Nilikuwa nimefundisha umbali wa mwezi kwa wasichana mia mbili, na sikuwahi kufikiri kwamba umbali huo unaweza kungojewa.

Kuanzia siku hiyo nikawa mpigahesabu wake. Rafiki wa Uswidi alimtumia kila mwaka kitabu cha majedwali ya mabaharia, chenye mahali pa mwezi kwa kila saa ya Greenwich. Kutoka humo nilikokotoa saa ya kupita utosini, mwinamo na umbali. Mwanzoni Fundi alizirudia hesabu zangu zote kwa penseli nene. Baada ya mwaka akaacha. "Waya ni zangu," akasema, "hesabu ni za Mwalimu." Nilijivunia sentensi hiyo kuliko cheti changu.

Hapa inabidi nieleze jambo dogo la saa, kwa sababu yote yaliyofuata yamesimama juu yake. Jedwali lilikuwa la Greenwich. Saa za serikali yetu ziko mbele ya Greenwich kwa saa tatu. Lakini watu wa kiwandani, kama watu wote, walihesabu kuanzia macheo, ambayo ni saa sita nyuma ya saa za serikali. Kwa hiyo anayetoka Greenwich kuja kwenye saa ya king'ora anatoa tatu. Anayetoka kwenye saa za serikali anatoa sita. Niliandika kanuni hizo mbili kwa wino kwenye jalada la daftari langu.

Kibali chake kilikuwa kikihuishwa kila baada ya miaka miwili, na baada ya vita ofisi ilikuwa kali kuhusu mtu yeyote mwenye chombo cha kurushia. Mwaka ule barua ilikuja na sharti jipya: Afisa wa vibali atafika kushuhudia kwamba mtambo unafanya kile ambacho mmiliki anadai. Kwa maneno mengine, mwangwi usikike mbele ya Afisa, la sivyo kibali kinakwisha. Siku aliipanga Afisa, kwa kalenda ya ofisi. Ilikuwa Novemba. Pamba ilikuwa nyingi mwaka huo na uchambuzi ulikuwa haujakwisha. Mota zilikuwa zikinguruma kutwa.

Fundi alikwenda kwa Meneja kofia mkononi. Meneja alikubali jambo ambalo hajawahi kulikubali kwa mtu: atazima kiwanda kizima kwa saa moja, mara moja tu. "Niletee saa kwa maandishi," alisema, "nisiamke na kubishana na mwezi." Tulimshukuru Mungu kwamba siku ya Afisa ilikuwa nzuri: mwezi wa karibu, mbali vya kutosha na jua, mwinamo mdogo. Nilikokotoa mara tatu. Niliandika kikaratasi: saa sita na nusu mchana, kitanda nyuzi saba kaskazini. Meneja akaagiza mashine zizimwe saa sita hadi saa saba, na Afisa akaarifiwa afike saa sita.

Siku hiyo mbingu ilikuwa imefunga mawingu ya vuli. Nilikuja baada ya kipindi cha tano. Afisa alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye mkoba wa plastiki. Wafanyakazi walikuwa wametoka nje wameketi juu ya marobota, wakifurahia mapumziko.

"Leo Fundi anaongea na wakwe zake wa mwezini!"

"Mwambie awaombe sukari!"

King'ora kililia, mota zikazimika moja baada ya nyingine, na ukimya ulioingia uani kwa Fundi sijausikia tena mahali popote. Alibonyeza. Tukangoja. Alibonyeza tena. Afisa, hedifoni masikioni, alifumba macho kama mtu anayesali. Fundi alibonyeza kwa dakika hamsini, kwa utulivu, kila mara akiacha nafasi ileile, na hakuna kilichorudi. Ninachokikumbuka zaidi ni kwamba hakugusa kamba za kitanda hata mara moja. Mtu anayetafuta kosa hugusagusa. Yeye alikaa tu.

"Mzee," Afisa alisema hatimaye, akivua hedifoni, "mimi nimeagizwa nisikie. Sijaagizwa nielewe. Tatizo ni nini?"

"Kosa ni langu," alisema Fundi. "Nimekilaza kitanda vibaya." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, tafadhali mwambie mama mgeni atakula."

Nikaenda jikoni. Niliporudi, Afisa alikuwa akiandika, na mashine zilikuwa zimeanza tena. Wiki mbili baadaye walikuja kuchukua chombo cha kurushia, valvu zake kubwa na kibonyezo. Kipokezi walimwachia, kwa kuwa kusikiliza hakuhitaji kibali. Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya masomo ya uzamili, nikahama.

Nikasimulia kisa hicho. Hili ndilo linalonisumbua sasa. Nilikisimulia kwenye semina, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mara moja kwenye chakula cha jioni mbele ya profesa wangu. Nilikitumia kama mfano: tazameni, hesabu sahihi kabisa inaweza kuharibiwa na mkono uliokosea nyuzi chache. Watu walitikisa kichwa kwa masikitiko. Fundi wangu hodari, mkono wake ulimponza.

Miaka mitano baada ya siku ile, nikiandaa sura moja ya tasnifu yangu, nilifungua daftari lile kutafuta mfano wa ukokotozi. Nikaona ukurasa wa Novemba. Kupita utosini: saa sita na nusu za Greenwich, asubuhi. Chini yake, kwa uangalifu wangu wote, nilikuwa nimegeuza kuwa saa za serikali: tisa na nusu. Na chini ya hiyo, kwa sababu nilitaka kuwa na uhakika, nilikuwa nimeanza upya kwenye mstari mpya na kutumia kanuni ya kwanza ya jalada badala ya ile ya pili. Tisa na nusu, toa tatu. Sita na nusu. Nilipaswa kutoa sita. Mwezi ulipita saa tatu na nusu asubuhi, wakati mota zote zikinguruma. Tulipozima kiwanda, ulikuwa umekwisha kwenda saa tatu nzima. Nilikuwa nimekokotoa mara tatu, na mara tatu zote nilianzia kwenye mstari ule uleule.

Sikulala vizuri kwa muda. Niliandika barua kwa ofisi ya vibali, kurasa mbili, nikaeleza kosa, nikaambatisha nakala ya ukurasa, nikaomba shauri lifunguliwe upya. Sikuituma. Niliona ni haki aione yeye kwanza. Machi iliyofuata nikapanda treni.

Nilimkuta amestaafu, amekonda, amekaa kwenye kiti kilekile mbele ya kipokezi. Mke wake alinipokea mkoba. Sikungoja kuketi.

"Shikamoo, Fundi. Siku ile ya Afisa, kosa lilikuwa langu. Saa. Nilitoa tatu badala ya sita."

"Marahaba," alisema. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku yenyewe. Niliamka alfajiri kabla mawingu hayajafunga. Nikauona umesimama pale, juu ya bohari. Nikajua huo, saa sita haupo."

"Ukafanya nini?"

Alijibu mke wake, kutoka mlangoni. "Alikwenda kwa Meneja saa mbili, akampigia magoti. Mtu huyu! Magoti! Meneja akasema amri imekwisha kutoka, zamu zimekwisha kupangwa, kama ni mwezi basi urudi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa darasani. Na ningekuambia ungefanya nini? Ungeanza kuhesabu upya."

"Basi ungemwambia Afisa. Kwamba saa ilikosewa. Angekupa siku nyingine."

Fundi alipunguza sauti ya kipokezi. Alisema kwa namna ileile ambayo angenieleza waya.

"Ulipokwenda jikoni aliniuliza. Akasema, nani alikupigia hesabu? Nikasema mwenyewe. Akasema, na yule mwalimu? Nikasema amekuja kula. Mayu, mama, fomu yako ya kuomba masomo ilikuwa imelala kwenye mkoba ule ule wa Afisa. Ofisi ile ile ndiyo iliyokuwa pia ikiwachunguza wanaoomba masomo, ikiandika kama wewe ni mtu wa kuaminiwa au hapana. Niliiona alipokuwa akitafuta kalamu. Jina lako lilikuwa juu. Ningesema ni wewe, angeandika kwamba binti huyu anachora ratiba za mitambo ya kurushia. Mwaka ule, baada ya vita. Wangekuita ujieleze hadi nafasi ipite."

Nilisimama pale na barua mkononi. Nikampa. Aliisoma yote, karatasi akiwa ameiweka mbali na macho, midomo ikitembea.

"Umeandika vizuri," alisema. "Lakini ukiipeleka, maana yake mimi nilimdanganya Afisa wa serikali kwa mdomo wangu, naye akaandika. Nilitia sahihi, Mwalimu. Nilisema mimi ndiye mpigahesabu, na kwamba sikujua kuhesabu. Hilo ndilo lililonikosesha kibali daima, wala si mwangwi. Aliandika nisipewe tena."

"Kwa hiyo hakuna la kufanya."

"Lipo. Kaa chini. Ni saa kumi kasoro."

Akanivika upande mmoja wa hedifoni, yeye akashika mwingine sikioni. Kiwanda kilikuwa kimya, haukuwa msimu. Uani kitanda kilikuwa kimeinamishwa sana kaskazini, na juu yake, katika mbingu safi, kulikuwa na mwezi wa siku nne. Nilisikia mvumo. Halafu, chini ya mvumo, alama ndefu na fupi, dhaifu, zikijirudia. Morse yangu ilikuwa imechakaa, lakini jina moja nililitambua, kwa sababu miaka minne nilikuwa nimeliona limebandikwa juu ya meza ile.

"Anakuita wewe," nilisema.

"Kila mwezi, ukiwa karibu."

"Hajui kwamba huwezi kujibu?"

"Nilimwandikia. Akajibu kwamba ameelewa. Akasema yeye kibali chake bado kizuri, ataendelea kuita."

Mke wake alikuwa ameleta chai, akaiweka mezani. Alama zilikuja, zikakatika, zikaja tena: jina la Fundi, jina la mwenzake, kisha kimya cha dakika nzima, ambacho katika kazi hiyo ni zamu ya mwingine kusema. Katika kimya kile Fundi alishusha mkono mezani, mahali palipokuwa na matundu manne ya skrubu za kibonyezo, na kwa kidole kimoja akaanza kugonga ubao. Aligonga polepole, bila kuruka herufi, jina la rafiki yake, jina lake, na neno la kwamba amemsikia. Alipomaliza akaacha nafasi ya kutosha, kisha akavua hedifoni na kuvuta kikombe.